Nguo Mbichi za Darini

Nilikuwa natafuta chumba chenye sifa mbili: mtoto wangu apate kulala, na mfuko wangu usilie. Sifa ya tatu sikumwambia mtu, niliionea haya. Nilitaka kiwe kizuri. Nimekaa miaka mingi kwenye ghorofa za zege pembeni ya Magdeburg, ambako ukifungua dirisha unaona dirisha la mwenzako naye anakuona wewe, na tangu nikiwa msichana nilikuwa naota kuamka siku moja chini ya boriti zilizochongwa kwa mkono na watu waliokwisha kufa.

Wendelrode ni mji wa boriti za namna hiyo. Shule ya chekechea ya pale iliniita kufanya kazi kwa majaribio siku zile za mwanzo wa Januari, baada ya mwaka mpya hadi sikukuu ya Wafalme Watatu. Wakinipenda, nahamia. Nilisomea kazi hiyo shule ya jioni, Merle akiwa analala kwa jirani, nami ninamchukua usiku nimembeba begani na vitabu mgongoni. Merle ana miaka mitatu. Wakubwa wa chekechea walisema nije naye, acheze na wenzake. Kwa hiyo kilichobaki kilikuwa mahali pa kulala.

Katika ofisi ya wageni pale sokoni alikuwapo mama mmoja aliyejifunga skafu ndefu kama blanketi, Bi Kuhnert. Alimpa Merle biskuti kabla hata ya kunisalimia mimi, nikampenda hapo hapo.

Alinieleza moja baada ya nyingine. Hoteli ya sokoni ni nzuri, lakini pale unalipia na jina la mfalme aliyelala humo akaamka analalamika mgongo. Hosteli ya vijana iko juu ngomeni, na ngazi zake nitazichukia. Juu ya kiwanda cha bia kuna chumba safi cha bei rahisi, ila watu wa chini wanaimba mpaka wachoke, na hawajui kuimba. Kisha akawa anachezea kona ya karatasi moja iliyolala chini ya nyingine zote.

"Na hicho?" nikamuuliza.

Akaigeuza. Nikaona picha ya kitanda kilichojengwa ndani ya ukuta kama kabati, boriti za rangi ya buluu zilizochorwa maua, jiko la vigae vya kijani, na dirisha dogo linalotazama kijito cha kinu cha zamani cha kusagia nafaka. Bei yake ilikuwa chini hata ya ile ya kiwanda cha bia.

"Mbona rahisi hivi?"

"Unyevu," akasema Bi Kuhnert.

"Unyevu wa kiasi gani?"

"Wa beseni moja."

Nikacheka. Nikamuuliza kama wageni hukaa au hukimbia. Akanijibu kwamba wasio na watoto hukaa. Nilidhani anasema habari za kelele, kwamba mwenye nyumba ni mzee na hapendi vurugu, nami nikamwambia Merle wangu hana vurugu. Akanyanyua simu, akamwambia mtu wa upande wa pili kwamba kuna mama na binti yake wanakuja, watu wazuri, wapewe kile cha kona.

Nyumba ya Bi Roswitha Tiedge imeinama kidogo kuelekea kijitoni, kama mtu anayesikiliza. Alifungua mlango mwenyewe, mwanamke mwembamba wa miaka sitini na kitu, aproni safi, mikono mikubwa kuliko mwili. Alinitazama mimi, akatabasamu. Kisha akamtazama Merle, na tabasamu likabaki usoni kwake peke yake, macho yameshaondoka.

"Nilisikia binti," akasema. "Nilidhani binti mkubwa."

Nikamwambia kama ni tatizo tutarudi sokoni. Aliangalia barabara, baridi ilikuwa ile kavu ya kupasua midomo, theluji ya juu ya mapaa imeganda ngumu kama mawe ya sukari. Akatoka mlangoni kutupisha.

"Ingieni. Mtoto hasimamishwi kwenye baridi."

Akatupa masharti yake akiwa anapanda ngazi mbele yetu. Viatu vinabaki chini. Dirisha lifunguliwe wazi asubuhi na jioni hewa ibadilike, hata kama barafu inaingia. Ufunguo usitolewe nje. "Na kufua hakuna," akasema bila kugeuka. "Hata leso. Mpaka Wafalme Watatu wapite."

Nikamwambia hilo halina haja ya kunieleza. Bibi yangu aliyenilea alikuwa anafungua kamba zote za nguo mkesha wa Krismasi, anazizungusha mkononi na kuzificha chini ya viazi. Siku zile kumi na mbili, toka Krismasi hadi Wafalme Watatu, msafara wa wafu unapita angani, na kamba ikiwanasa wanachukua shuka moja, na shuka hilo ndilo linakuwa sanda ya mtu wa nyumba ile kabla mwaka haujaisha. Bibi aliyasema haya huku anamenya viazi, kama anavyosema kesho kutanyesha. Mimi nimesoma, sipendi kusema naamini. Ila kufua siku hizo sijawahi.

Bi Tiedge alisimama kwenye ngazi. "Bibi yako alikuwa mtu mwenye akili," akasema.

Chumba kilikuwa kizuri kuliko picha. Merle aliingia kwenye kile kitanda cha ukutani, akafunga pazia, akafungua, akafunga. Juu ya kitanda, kwenye dari, palikuwa na doa la duara, na chini yake, kwenye ubao wa miguuni, beseni jeupe la bati. Tulipokaa kimya nikasikia. Tone. Kimya kirefu. Tone.

"Paa," akasema Bi Tiedge. "Mafundi wamekuja wamechoka."

Sikuwaza sana. Tulipomaliza kula mkate na jamu ya plamu ndipo nilipojiuliza, maji haya yanatoka wapi? Mji mzima umeganda. Hata kijito cha kinu kilikuwa kimetulia chini ya barafu. Hakuna kilichokuwa kinayeyuka popote, isipokuwa juu ya kitanda chetu. Nikainamia beseni nikanusa. Maji yalikuwa na harufu ya sabuni, ile ya mche ya zamani, ya kufulia.

Asubuhi Bi Tiedge alikuja kulichukua. Hakumwaga maji kwenye sinki la pale pale. Alilibeba kwa mikono miwili, polepole, kama mtu aliyebeba supu ya moto kwa ajili ya mgonjwa, akashuka nalo mpaka nje, akayamwaga kwenye tundu alilolitoboa kwenye barafu ya kijito. Mimi nilikuwa dirishani nabadilisha hewa. Alisimama pale kidogo baada ya beseni kuwa tupu.

Siku ya kwanza kazini ilikwenda vizuri. Watoto wa chekechea walinipanda kama mti. Merle alipata rafiki na adui, wote kabla ya chakula cha mchana. Nilirudi nimechoka nikiwa na furaha, nikimweleza Merle njiani kwamba labda huu ndio utakuwa mji wetu, na kile ndicho kitakuwa kinu chetu.

Akaniuliza, "Na mtoto wa juu?"

"Mtoto gani wa juu?"

"Hana suruali kavu," akasema Merle, akaruka dimbwi la barafu, akaanza habari ya adui yake.

Asubuhi iliyofuata niliamka kwa sababu Merle anatetemeka. Alikuwa ameloa. Nilisikitika, maana alikuwa ameacha kukojoa kitandani zaidi ya mwaka, nami nilikuwa nimejisifu kwa jirani zangu wote. Lakini nilipolivuta shuka mikono yangu ikasita. Lilikuwa limeloa lote sawasawa, kutoka kichwani hadi miguuni, na nguo yake ya kulalia pia, hadi kola, nami niliyelala naye nilikuwa mkavu. Nikanusa. Haikuwa mkojo. Ilikuwa sabuni.

Nilimkausha, nikamvalisha, nikalikunja shuka ndani ya mfuko wa plastiki na kulisukuma chini ya kitanda. Sikumwambia Bi Tiedge. Ningemwambia nini? Kwamba dari yake imemfua mwanangu? Nililaumu lile doa, nikalisogeza beseni, nikaenda kazini, na kutwa nzima nilikuwa naimba nyimbo za watoto huku nusu ya akili yangu iko chini ya kitanda kile.

Tuliporudi Merle alikuwa amepoa, hataki kuruka madimbwi. Mashavu yamekuwa mekundu. Niligusa paji lake nikajiambia ni baridi ya nje, kila mama anajua uongo huo. Bi Tiedge alimkalisha kwenye benchi la jikoni karibu na jiko, akampa kipande cha keki ya zabibu iliyobaki ya Krismasi, nami nikapanda juu kuona chumba.

Shuka la pili, lile nililolitandika mwenyewe asubuhi likiwa kavu, lilikuwa limeloa. Hakuna aliyelilalia.

Hapo nikakasirika. Hasira ilinisaidia, maana bila hiyo ningekaa chini. Nilijiambia kuna bomba limepasuka darini, bomba la mtu mvivu wa kulitengeneza, na mwanangu anaugua kwa uvivu huo. Nikachukua shuka lile, na lile la kwenye mfuko lililokwisha kuanza kunuka, nikafungua mlango mdogo wa mwisho wa ukumbi na kupanda ngazi ya darini. Nilitaka kuliona bomba, na nilitaka mahali pa kuyatandaza mashuka yale. Siku kumi na mbili au sivyo, mtoto hawezi kulala kwenye maji.

Juu kulikuwa na mwanga wa jioni wa dirisha la paani. Pumzi yangu ilitoka kama moshi. Pembeni palikuwa na ndoo ya zamani, maji yake yamekuwa barafu tupu hadi chini, na katikati, kutoka boriti hadi boriti, kamba ya nguo.

Ilikuwa na nepi. Nepi za kitambaa, za mraba, za zamani, zimebanwa na vibanio vya mbao vilivyoota ukungu mweusi. Kila moja ilikuwa inachuruzika. Tone lilijikusanya kwenye kona, likanenepa, likadondoka kwenye ubao uliokwisha kuoza hapo hapo, juu kabisa ya kitanda chetu. Hakukuwa na bomba. Paa lilikuwa zima.

Nilinyoosha mkono. Ndoo pembeni imeganda, vidole vyangu vimekufa ganzi, na nepi ile ilikuwa vuguvugu. Vuguvugu kama nguo iliyotoka sasa hivi kwenye maji ya kufulia.

"Usianike." Sauti ilitoka ngazini.

Bi Tiedge alikuwa amesimama kwenye ngazi, nusu mwili juu. Merle ndiye aliyemwambia mama ameenda juu na shuka. Hakuziangalia nepi. Alikuwa anaangalia mashuka mikononi mwangu, na uso wake ulikuwa mweupe kuliko hayo mashuka.

"Kwa kila unachokipenda, mwanangu. Usianike hapo."

Tulishuka. Jikoni alisimama mgongo wake umeelekea jiko, na hakunieleza kwa kupenda, alieleza kwa sababu Merle alikuwa amelala kwenye benchi mdomo wazi, anapumua haraka. Ulikuwa ule mwaka wa baridi kuu, alisema, alipokuwa msichana tu aliyeolewa. Mvua iligeuka theluji kwa saa chache, umeme ukakatika, makaa yakagandiana, mume wake akaitwa na wenzake kwenda kufukua reli. Alibaki na mama mkwe na mtoto wa kiume wa wiki chache, Henning. Nepi zikaisha. Mama mkwe akasema hakuna kufua, siku kumi na mbili hazijapita, atavishwa matambara. Matambara yakaisha nayo. Basi akafua. Akachemsha theluji kwenye sufuria, akafua, akapanda nazo darini mama mkwe asione. Henning alikufa siku ya Wafalme Watatu, kifua kimejaa. Mama mkwe alipanda darini akaona kamba. Alishuka, akasema neno moja tu, umeanika, na hakuzungumza naye tena mpaka naye alipozikwa.

"Na hukuzitoa?" nikamuuliza. "Miaka yote hii?"

Alinitazama kama nimeuliza kitu cha kitoto.

"Mbichi zile. Nitaanuaje nguo mbichi? Nilikuwa nangoja zikauke."

Maji yakadondoka huko juu, tukayasikia wote wawili. Akasema kwamba chumba kile kilikuwa chao, kwamba alikikodisha kwa kuwa hawezi kulala humo na hawezi kukiacha kitupu. Wageni wazima hawapati shida, wanalalamika unyevu na kuondoka na picha zao. Watoto huwa hakaribishi. Aliponiona mlangoni na Merle alijiambia labda ameshazeeka sasa, labda kumekwisha.

"Mchukue uende," akasema. "Nimeshampigia Kuhnert, kile cha juu ya bia kipo. Nenda sasa hivi, kabla hajakuwa wa nyumba hii."

Nilikwenda juu nikakusanya vitu vyetu. Nilimvalisha Merle koti, kofia, skafu. Alikuwa anawaka. Kichwa kilinilalia begani kizito, na joto lake lilipita kwenye sweta langu. Nilijua nambari ya daktari wa zamu, nilishampigia, akasema nimpe maji, nipunguze joto, na nimlete asubuhi au mapema zaidi akizidiwa. Mtoto mwenye homa, kuvuka naye mji ulioganda mpaka juu ya watu wanaoimba. Au kubaki chini ya kamba ile. Nilisimama kwenye kizingiti, mlango wazi, baridi inaingia, begi mkono mmoja, na sikujua ni mlango upi unaoua.

Merle akafungua macho. "Na yeye?" akasema.

"Nani, mpenzi?"

"Amelowa. Na yeye aje."

Bi Tiedge alikaa chini pale pale kwenye ngazi.

Shule ya jioni walinifundisha nini cha kufanya mtoto akipatwa na homa, na kwamba baridi na unyevu ndivyo vinavyojaza kifua cha mtoto mchanga, siyo kamba. Hawakunifundisha kitu chochote juu ya nepi zisizokauka. Lakini kufua nilifundishwa na bibi nikiwa mdogo nimesimama juu ya kigoda, na kuna jambo lilikuwa linanisumbua tangu nilipokuwa darini, jambo la mkono zaidi kuliko la kichwa. Maji yalikuwa mengi mno. Nguo iliyokamuliwa haichuruziki hivyo.

"Bi Tiedge," nikasema. "Siku ile ulizikamua?"

Akaviangalia vidole vyake vikubwa, akavifungua na kuvifunga.

"Vilikuwa vimekufa," akasema. "Nilikuwa siwezi kukunja ngumi. Na alikuwa analia chini. Nilizitupia tu kambani nikashuka kumnyonyesha."

"Basi hatujamaliza kufua."

Nikafunga mlango. Nikamrudisha Merle kwenye benchi, nikamvua koti. Bi Tiedge alikataa mara ya kwanza na mara ya pili, akasema maneno ya msafara na sanda, nami sikumbishia, kwa sababu hata mimi nilikuwa nayaogopa. Nilimwambia tu kwamba mimi napanda, akitaka anifuate. Nilipofika juu nilisikia hatua zake nyuma yangu.

Vibanio viligoma. Vingine vilivunjika mikononi. Tulizitoa moja moja na kuzishusha kwenye lile beseni jeupe, bado vuguvugu, na jikoni tukazikamua. Unashika upande huu, mwenzako upande ule, kila mtu anazungusha kwake. Maji yaliyotoka yalikuwa hayaishi. Tulijaza beseni, tukamwaga kijitoni, tukajaza tena. Bi Tiedge alikuwa analia bila kufuta machozi kwa kuwa mikono ina kazi. Kisha nikafunga kamba juu ya jiko, wazi, mbele ya dirisha lisilo na pazia, siku zile kumi na mbili, mtu yeyote apitaye barabarani au angani aone. Nikaanika nepi, na katikati yake nikaanika mashuka ya Merle. Nikashindilia kibanio cha mwisho.

Hakuna kilichotokea. Moto ulilia kwenye jiko. Merle akapiga kelele usingizini, na nilipomgusa joto lilikuwa limepanda zaidi.

Nikasema ninahitaji vitambaa vya kumfunga miguuni, vibichi lakini visiwe vya baridi. Nilifanyiwa hivyo na bibi, kila mtoto wa huku amefanyiwa: unamfunga muundi mzima, homa inashuka kupitia miguu. Nikageuka kutafuta taulo.

Bi Tiedge alikuwa ameshasimama mbele ya kamba. Akaanua mbili. Alizishika, akanitazama, na macho yake yalikuwa yananiomba nimkataze.

Nitakumbuka daima kwamba nilitaka kumkataza. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nguo za mtoto aliyekufa, kwenye mwili wa mwanangu anayeungua. Nikatazama mikono ile. Ilikuwa imetulia.

"Mfunge," nikasema.

Alipiga magoti. Alizifunga kwa ustadi wa mtu aliyefanya hivyo jana, kitambaa kikalala bila mkunjo hata mmoja kwenye miguu midogo, na juu yake akafunga skafu za sufu. Kisha akabaki hapo hapo sakafuni, mkono mmoja kwenye kila mguu. Nilikaa upande wa kichwani. Nilikuwa nahesabu pumzi za mwanangu, nikipotea naanza tena, na wakati fulani nikasikia kwamba kuna pumzi nyingine kati ya zile, ndogo zaidi, ya haraka, yenye kohozi ndani yake. Nilimtazama Bi Tiedge. Naye alikuwa anaisikia. Hakugeuka kutafuta inatoka wapi.

"Taratibu," akasema kwa sauti ya chini, wala sijui alimwambia nani kati yao. "Taratibu, mdogo wangu. Sasa hivi utakauka."

Pumzi ile ndogo ilizidi kupungua kasi. Ikawa ya mtu anayelala. Kisha nikawa nasikia za Merle tu.

Kulipopambazuka paji lake lilikuwa na jasho, na chini ya jasho limepoa. Aliomba keki. Bi Tiedge alifungua zile skafu na kuvitoa vitambaa, akavishika shavuni, kimoja kisha kingine.

"Vimekauka," akasema.

Vilikuwa vimekauka kwa joto la Merle. Nyingine za kambani zilikuwa zimekauka kwa joto la jiko, na mashuka pia, magumu na yenye harufu ya moshi. Bi Tiedge alianua zote. Hakutaka nimsaidie. Alizikunja mezani pembetatu, kama mtu anayemwandalia mtoto aliye karibu, akazipanga, akaweka kiganja juu ya rundo na kukaa hivyo mpaka jua lilipofika kwenye vigae. Kijitoni barafu ilianza kulia. Upepo ulikuwa umegeuka.

Daktari alimsikiliza Merle kifua, akasema ni safi. Chekechea walinipigia siku ya sikukuu, wakati waimbaji wa nyota, watoto waliovaa kama wale wafalme, wako mlangoni wanaandika baraka yao kwa chaki juu ya mlango wa Bi Tiedge, kwa hiyo nililipokea jibu lao katikati ya wimbo na ikabidi niwaombe warudie. Walirudia. Nilipokwenda kumshukuru Bi Kuhnert aliniuliza habari ya unyevu, kama nataka akitafute kile cha juu ya bia kwa mwezi wote. Nikamwambia tumeshapata.

Hapo ndipo ninapokaa. Doa limebaki, halilowi. Beseni limebaki mahali pake pia, tupu, na hakuna kati yetu aliyewahi kusema liondolewe. Usiku ule wa kwanza baada ya sikukuu nilipanda kitandani nikamkuta Merle amejibana ukutani kabisa, na nafasi kubwa imeachwa katikati. Nikamwambia asogee nilale. Akaniambia kwa usingizi nilale pembeni, yule mtoto wa juu ameshuka.

"Ni mkavu," akasema.

Nikagusa shuka. Lilikuwa kavu, na mahali pale padogo katikati palikuwa na joto. Nikalala pembeni, nikavuta pazia.